Mafundo Mawili ya Mzee Bucha

Siku gesi ilipoisha jikoni ndiyo siku mambo yalipoharibika, ingawa Mama Vyombo hapendi gesi isingiziwe. Gesi haikufungua mafundo. Mafundo aliyafungua yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, akiwa na akili zake timamu, na asingependa mtu amtetee.

Kazi yake ilikuwa kuwapelekea chakula cha mchana wazee wasioweza kutoka nyumbani. Jiko lilikuwa nyuma ya zahanati, na kila siku mpishi alipakua chakula kwenye hotpoti za bluu, zote za namna moja, kisha akaifunga kila moja kwa kitambaa. Fundo moja maana yake chakula cha kawaida. Mafundo mawili maana yake chakula laini, kilichopondwa na kuchujwa hadi kisibaki hata kipande. Katika njia yote ya Mama Vyombo, wa mafundo mawili alikuwa mmoja tu, naye ni Mzee Bucha.

Mzee huyo alikuwa ameuza nyama maisha yake yote, mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika hata na wajukuu. Kisha kiharusi kikampiga, kikamwachia mkono mmoja mzito, mguu wa kuburuta na koo lisiloaminika. Mara ya mwisho alipokula kitu kigumu, tena mkate tu, alizindukia hospitalini. Daktari alimwambia binti yake bila kumung'unya maneno kwamba chakula kikimkwama tena, asitegemee bahati ya pili. Binti huyo anafanya kazi mji mwingine. Siku ya kuondoka alimshika Mama Vyombo mikono yote miwili, akamwambia, dada, baba yangu nakuachia wewe.

Na mzee je, alishukuru? Thubutu. Akifunua hotpoti alisonya kwanza, halafu ndipo anashika kijiko. Alimwuliza Mama Vyombo kama ametumwa kulea kichanga. Mara akabembeleza, apewe kipande kimoja tu cha nyama, hata kama ni cha ukubwa wa kidole gumba, si cha kumeza, ni cha kutafuna. Mama Vyombo alikuwa akimjibu kwamba kama anataka afukuzwe kazi, aseme moja kwa moja kuliko kuzunguka. Basi wanacheka, na mzee anakula huku amenuna.

Sasa tuje kwenye mafundo. Mpishi alikuwa na mikono ya kubeba magunia, na fundo lake huwezi kumwachia bibi aliyekula chumvi nyingi ahangaike nalo. Kwa hiyo Mama Vyombo, kwa huruma yake, alizoea kuwafungulia wazee mafundo pale mlangoni, nyumba baada ya nyumba. Siku hiyo gesi ikaisha wali ukiwa nusu. Mpaka mtungi mwingine upatikane, jua lilishapita utosini na simu za wazee zilikuwa zinalia mfululizo, kila mmoja akiuliza kama leo wamesahauliwa. Mama Vyombo akaona aokoe muda. Akasimama getini, akafungua vitambaa vyote kwa mpigo. Ile hotpoti ya Mzee Bucha akaiweka pembeni kabisa ya sanduku la baiskeli, upande wa kushoto, akajiambia hiyo haiwezi kumpotea.

Kwenye mtaro, kabla ya nyumba za mabati, baiskeli ikamponyoka ikalala. Hakikumwagika kitu, maana vifuniko vilikuwa vya kukaza. Akaziokota hotpoti zilizoviringika ndani ya sanduku, akazipanga upya harakaharaka, akaamini kwamba mkono wake unakumbuka ni ipi ilikuwa wapi. Hapo ndipo angetakiwa kufunua na kuangalia. Hakufunua.

Kwa Mzee Bucha alifika, akaweka hotpoti mezani, akauliza mguu unaendeleaje, akaomba radhi kwa kuchelewa. Siku zote alikuwa akifunua kifuniko ili mvuke utoke, na siku hiyo hata hilo hakulifanya. Alitoka mbio, akasikia komeo likisukumwa nyuma yake. Mzee hujifungia tangu wezi walipomchukulia televisheni akiwa amekaa anaiangalia.

Mlango uliofuata ulikuwa wa Bibi Redio, mtaa wa tatu kutoka hapo, mwanamke asiyetoka nje kwa sababu ya nyonga lakini habari za mji mzima anazo. Alifunua hotpoti papo hapo, akachungulia, akamtazama Mama Vyombo kwa jicho la mashaka.

"Mwanangu," akasema, "nimewakosea nini leo hata mkanipikia chakula cha kibogoyo? Meno yangu yapo yote, tena ya kwangu."

Mama Vyombo alitazama ule mchanganyiko wa viazi na nyama iliyosagwa. Hakuhitaji kufikiri mara mbili. Kama chakula cha mzee kiko hapa, basi nyama ya Bibi Redio, vipande vizima vyenye minofu na nyuzi, iko mbele ya mtu aliyeiota kwa mwaka mzima.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita, ikakata. Bibi Redio, ambaye si mtu wa kuelezwa kitu mara mbili, alikwisha kufunika hotpoti na kumsukumia mikononi. Alimwambia akimbie, yeye ana mkate wake kabatini, na akifika kwa mzee asibishe hodi za adabu, apige kelele.

Njia ile ile aliyoizoea ikawa ndefu. Kila aliyemsalimia alimwona adui. Gari la mchanga lilikuwa linarudi nyuma kuingia uwanjani, dereva anaelekezwa na watu wanne wanaopingana, na Mama Vyombo akapita kati yao na baiskeli yake huku matusi yakimfuata. Moyoni alikuwa anamwomba Mungu kitu kimoja, kwamba mzee awe amenuna. Awe amenuna, amesusa, hajafunua. Akaona hata anavyomwomba Mungu anajidanganya.

Alipofika aliitupa baiskeli, akagonga kwa viganja vyote viwili. Kimya. Majirani wa ua ule wote walikuwa kazini, milango ina makufuli. Akazunguka hadi kwenye dirisha la sebuleni, lenye nondo, akashika nondo na kuchungulia.

Mzee alikuwa mezani. Amevaa shati safi, ambalo hakuwa nalo alipoletewa chakula. Mbele yake sahani ya udongo, si hotpoti, na juu ya sahani vipande vya nyama amevipanga kwa uma. Hakuwa ameanza. Alikuwa anaviangalia.

Mama Vyombo alivuta pumzi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa kadiri alivyoweza, kwamba hotpoti zimebadilishana, kwamba ni kosa lake, na mzee wake amsamehe afungue mlango ampe chakula chake.

"Najua mmekosea," Mzee Bucha akajibu bila kugeuka. "Nimejua tangu nilipofunua. Kwa nini unadhani simu sikupokea?"

Kosa angeweza kulirekebisha. Huyu mtu amejifungia kwa makusudi.

Akaanza kubembeleza. Alimkumbusha hospitali, alimkumbusha daktari, alimtaja binti yake. Kila alipotaja kitu, mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza bei asiyoikubali. Alisema daktari ni kijana mzuri ila hajawahi kula uji mwaka mzima. Alisema yeye alikata nyama kwa ajili ya arusi za watu na misiba ya watu, mji huu umekula kutoka mikononi mwake, na leo analishwa kwa kijiko kitu asichojua kilikuwa mnyama gani. Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililomtisha Mama Vyombo zaidi, maana mtu anayefoka bado anajadiliana.

"Leo nakula kama mtu," akasema, akachoma kipande, akakitia mdomoni.

Alitafuna. Jamani, alitafuna vizuri, taratibu, macho ameyafumba, na kwa muda Mama Vyombo aliona huenda mambo yakapita salama. Alibana nondo mpaka vidole vikauma. Alimwambia ateme, mzee wangu, utamu umeshaupata, tema sasa. Mzee akamwashiria kwa mkono anyamaze.

Kisha akameza, na ule mkono ukabaki hewani.

Hakukohoa. Angekohoa ingekuwa nafuu. Alifungua mdomo na sauti haikutoka, macho yakamtoka pima, kiti kikarudi nyuma kikaanguka. Mama Vyombo alikwenda mlangoni akaupiga bega, mlango haukutikisika. Akarudi dirishani mbio. Semina ya huduma ya kwanza waliyopewa zahanati aliihudhuria nusu akisinzia, lakini ile nusu aliyokuwa macho ilimrudia yote.

"Baba, njoo hapa dirishani," akapaza sauti. "Njoo. Nipe mgongo."

Mzee alikuja. Akishika meza, kisha kabati, kisha ukuta, mguu mzito ukiburuta, uso umebadilika rangi. Aligeuka, akamwegemezea mgongo kwenye nondo. Mama Vyombo akapitisha mkono mmoja akamsukuma ainame mbele, akapitisha mwingine, akampiga kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Alimpiga tena. Hakuwahi maishani mwake kumwinulia mkono mtu mzima, sembuse mzee wa umri wa baba yake, na alimpiga kama anayemdai roho. Nondo zilimchuna ngozi ya mkono, hakusikia. Akampiga tena, huku analia na kumwomba msamaha kwa kila pigo, na mzee akaanza kulegea magoti.

Kipande kikatoka. Kilianguka sakafuni, kidogo tu, na baada yake ikaja ile pumzi ndefu ya kukwaruza ambayo Mama Vyombo mpaka leo anasema ndiyo sauti nzuri kuliko zote alizopata kusikia.

Walikaa hivyo, yeye nje na mzee ndani, migongo yao imeegemea ukuta mmoja. Mama Vyombo alitoa simu, akampigia mpishi, akamweleza yote kuanzia getini, bila kuficha mafundo. Mpishi akasema atamtuma mtu aje kuchukua hotpoti zilizobaki, wazee wasilale njaa, naye mzee apelekwe zahanati akapimwe. Mengine, akasema, wataongea kesho. Mama Vyombo alijua hayo mengine ni yapi, akaitikia.

Ndipo akasikia komeo.

Mzee Bucha alisimama mlangoni, shati limelowa, amezeeka kuliko alivyokuwa alipoletewa chakula. Hakumtazama usoni. Mama Vyombo aliingia, akaweka hotpoti sahihi mezani, akanyoosha mkono kuchukua ile sahani. Mzee akamshika kifundo cha mkono.

"Usiitupe," akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Kaa. Kula wewe."

Mama Vyombo alisema hana njaa. Alisema zahanati wanawasubiri. Alisema, na hapa hasira ikampanda kweli, kwamba mzee amenusurika kufa dakika hii na bado anamletea habari za nyama, je, hana hata haya? Mzee alimwacha amalize.

"Nitakwenda zahanati. Nitakula uji wenu kesho na keshokutwa, na wala sitasonya," akasema. "Lakini hiyo nyama niione inaliwa. Polepole, mwanangu. Uniambie ilivyo."

Mama Vyombo alitaka kukataa. Aliinua kiti kilichoanguka, akakaa. Akachukua kipande kwa vidole, akala. Mzee alikaa mkabala naye, ameinama mbele, anamtazama taya.

"Ya bega hiyo," akasema. "Ina nyuzi?"

Mama Vyombo akasema inazo, lakini zinaachia. Mafuta je? Kidogo, upande mmoja. Chumvi? Akamwambia ukweli, chumvi imepungua, na imepikwa kupita kiasi kwa sababu ya kusubiri gesi. Mzee Bucha akacheka, kicheko kibovu kilichomfanya akohoe, akasema mpishi wao amemwua yule ng'ombe mara ya pili. Akafuta macho kwa mkono wake mzima. Alimwuliza tena, je, ukiuma kwanza, ule utamu wa mwanzo kabisa unatokea wapi, pembeni au katikati ya ulimi, maana yeye alikwisha kusahau na leo hakuwahi kuupata sawasawa.

Mama Vyombo alichukua kipande kingine ili amjibu kwa hakika. Mzee naye akavuta hotpoti yake, akachota kijiko cha viazi vilivyopondwa, akakitia mdomoni, akasubiri. Alipomwona Mama Vyombo ameanza kutafuna, naye akaanza kutafuna.