Balbu Inayofikiria

Asubuhi wakati maduka ya Tunduma yanafunguliwa, watu wa umeme walipita mtaani na pikapu iliyojaa balbu nyeupe zilizosokotwa kama utumbo wa mbuzi. Enejisava. Unatoa ya zamani, unapewa mpya bure. Ya zamani inapondwa palepale kwenye pipa, usije ukairudia.

Boazi alikuwa mgumu. Balbu yake ilining'inia ndani ya boksi la sabuni, inapasha joto vifaranga wasio na mama. Kuku hao aliwaanzisha mkewe, Ruti, na tangu afe ndio kitu chake pekee kilichobaki kinapumua humo ndani.

"Yenu ina joto?" aliuliza.

"Ina mwanga mzuri, mzee," alisema bwana mmoja wao mwenye tai, akaiponda ile ya zamani.

Jioni baridi iliposhuka, Boazi akawasha balbu mpya. Ikafikiria kwanza. Halafu ikatoa mwanga wa rangi ya uji, na joto hakuna. Vifaranga wakarundikana kwenye kona wakilia. Wakubwa wa umeme wanalala na mablanketi mawili, watajuaje baridi ya kifaranga?

Ruti akaingia na kitenge alichozikwa nacho, akavua viatu mlangoni.

"Baba Lusubilo, hata kuku wamekushinda?"

"Wamechukua balbu."

"Na wewe ukawapa."

"Alikuwa na tai."

"Haya, lete chai."

Akainamia boksi, akatandaza kitenge, vifaranga wakanyamaza. Marehemu wengi ni wa baridi, lakini Ruti alikuwa mtu wa jikoni.

Ikawa kila jioni anafika balbu ikiwa bado inafikiria. Jirani yao Zakia, muuza vitenge, alimkuta siku alipokuja kuazima ungo.

"Mama Lusubilo, mbona umepungua?"

"Si nilikufa, mwaya."

"Aa, ndiyo maana. Pole."

Kesho yake Zakia alivuka mpaka hadi Nakonde, akamletea Boazi balbu ya zamani, yenye joto lake. Boazi alishukuru sana, akaenda kuifunga chooni.

Vifaranga wakaota manyoya. Bwana mwenye tai akarudi na kamera, akafurahi. Akamwomba yule mama aliyeinama asogee kidogo, anaziba balbu. Ruti akasogea. Wiki hiyo spika ya gari la matangazo ikazunguka mji mzima: balbu mpya zinabana umeme na zinalea kuku. Pikapu ikapelekwa Iyula, ikapelekwa Isansa, na huko nako pipa likajaa.

Ruti akaanza kuchelewa. Akifika, kitenge kimejaa manyoya ya kuku wa watu.

"Iyula peke yake ni maboksi na maboksi," alisema akivua viatu. "Na Isansa kuna baridi, we acha tu."

"Wamekuahidi nini?"

"Nani aliniahidi kitu nikiwa hai?"

Boazi akamimina chai. Tangu hapo, akisikia viatu vyake uani, anazima balbu na kuiwasha upya, ili Ruti aikute bado inafikiria na ajione kawahi. Bwana mwenye tai alishaonya kwamba kuwashawasha kunaziua haraka. Kweli, ikafa. Boazi akaenda kwenye pikapu, akapanga foleni, akasema asante, akapewa nyingine.