Jina la Tano

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe tisa Aprili, wakubwa wa kampuni walipotangaza kwamba Dasom si mwimbaji wa kundi la Saebom tena. Sababu hawakutoa, wakubwa huwa hawatoi. Mzee Tak, fundi bomba wa Busan, aliumia. Dasom alikuwa kipenzi cha marehemu mkewe, na kila wimbo mpya ulipotoka waliusikiliza pamoja na kubishana mpaka supu ikapoa. Aliona wakimfuta Dasom, wanamfuta na mkewe.

Wimbo wa kwanza wa waimbaji wanne ulipotoka, aliusikiliza nyumbani, kisha akaenda na shemeji yake, Geum-ja, kwenye onyesho lao ukumbini.

"Ngoma tamu," Tak alikiri, "ila kiitikio kinachechemea. Pale pa Dasom wamejaza kinanda."

"Shemeji, wewe hata harusi yako uliikosoa."

"Tambi zilikuwa baridi."

Kabla ya ubeti wa kwanza, mashabiki huita majina ya waimbaji kwa mpangilio. Kampuni ilikuwa imeagiza yaitwe manne. Yakaitwa manne, na Tak kwa mazoea akaita la tano, peke yake. Watu wakageuka. Geum-ja akajifunika uso kwa skafu.

"Umetuaibisha," akanong'ona.

Wimbo uliporudiwa mwishoni, Tak alivuta pumzi aite tena, safari hii kwa makusudi. Ukumbi mzima ukamtangulia: "Dasom!"

Alitoka ameridhika kama mtu aliyeshiba. Mlangoni alisimama mbele ya ofisa wa kampuni aliyekuwa akiwaaga wateja kwa kuinama.

"Mwanangu, mmesikia wenyewe. Sasa anarudi lini?"