Kinywaji cha Kumrudisha Abrafi

Dufie alipoliona lile kasha la kijani juu ya meza ya wageni, damu ilimchemka. Tangu asubuhi alikuwa akihangaika na sherehe ya Nyumba ya Pokuaa, kimbilio la wake waliopigwa, anapanga viti, anawakaripia watwangaji wa fufu ya kulisha wageni, kumbe kaka yake Amponsah ana shughuli yake nyingine ya pembeni. Hakuna mtu Kumasi asiyejua kasha kama lile limebeba nini siku kama ile. Ni pombe kali anayoileta mume aliyempiga mkewe. Ndugu wa mke wakiinywa, kosa limefutwa, na mke anafunga mzigo anarudi kwake siku hiyo hiyo.

Na aliyeileta alikuwa amekaa pale pale, mguu juu ya mguu. Boakye, muuza magodoro. Lori lake lilikuwa limesimama getini, limekwisha kushusha magodoro ya msaada ambayo wageni waliyapigia makofi, kila moja limechapwa jina la duka lake kwa herufi nyekundu, kubwa, zisomeke hata na kipofu.

Mkewe Abrafi, binti wa marehemu dada yao, alikuwa ameketi na wanawake wenzake waliokimbilia nyumba ile. Taya lake lilikuwa limefungwa kwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Aliyelivunja ni huyo huyo mfadhili.

"Kaka, nini hiki?" Dufie alinong'ona.

"Tulia, Dufie. Mwenzetu amekuja kuomba radhi kiungwana."

"Kwenye nyumba hii?"

"Ulitaka aombe wapi, baa? Mtu kaleta lori zima. Mtimue basi, wanawake wako walale sakafuni!"

Dufie alitazama picha ya mama yao ukutani. Nyumba ile waliijenga wao, watoto wa Pokuaa, kwa jina lake, na kila mwaka Amponsah husimama chini ya picha ile akahutubia kwamba mama aliteseka kwa uvumilivu. Uvumilivu gani! Mama alirudishwa kwa chupa kama hii. Dufie, mtoto mdogo, ndiye aliyebeba sinia ya glasi siku hiyo, anaringa kwa kupewa kazi ya watu wazima. Mama alionja, akaenda zake, na waliporudishiwa tena alikuwa amefunikwa shuka. Amponsah alikuwepo. Aliyaona yote kwa macho yake, na leo anafungua chupa.

Amponsah, mkuu wa ukoo, alitengeneza nguo yake begani, akamimina glasi. Desturi yao haimruhusu mzee kuonja kinywaji mpaka mke aulizwe mbele ya watu.

"Abrafi, mwanangu, mumeo amekosa, na amekiri. Tuinywe?"

Abrafi alimtazama tu.

"Mnaona?" Boakye alitabasamu. "Mke wangu hana neno."

"Basi, hajakataa," alisema Amponsah, akainua glasi.

"Weka chini!" Dufie alipiga meza mpaka vijiko vikaruka. "Hana neno? Taya umelivunja wewe, mshenzi wewe, halafu unasema hana neno? Na wewe kaka, mzee mzima, unamuuliza mtu aliyefungwa mdomo kwa waya! Si ungeuuliza ukuta?"

"Dufie! Unaniaibisha mbele ya wageni."

"Aibu unayo wewe? Ungekuwa nayo usingeinywa hiyo mbele ya mama. Mpe glasi ajibu mwenyewe. Mikono yake mizima."

"Mpe!" alidakia bibi mmoja katikati ya wageni, na wengine wakaitikia.

Amponsah aliitoa ile glasi kama anatolewa jino. Abrafi aliipokea, akaanza kutembea kuelekea kwa mumewe. Dufie aliogopa kweli. Hofu ya mtu yule ilikuwa imemkaa Abrafi mwilini, na Dufie aliijua.

"Njoo, mpenzi," Boakye alisema, amenyoosha mkono. "Twende nyumbani."

Abrafi akaigeuza glasi juu ya viatu vya mumewe vilivyong'aa, taratibu, mpaka tone la mwisho. Kisha akaichukua chupa mezani, akampakatisha Boakye. Kinywaji kilichorudishwa kwa mleta mbele za watu hakuna mzee wa kukipokea tena, na Boakye alilijua hilo vizuri. Aliinuka.

"Magodoro yangu naondoka nayo!"

"Yabebe," alisema Dufie. "Umepigiwa makofi kwa ajili yake sasa hivi. Yapakie upya, wateja wako wakuone."

Boakye aliwatazama wageni, wengi wao wateja wake, akatoka mikono mitupu, isipokuwa ile chupa. Amponsah alibaki kitini, kainamisha uso, na hakuna aliyemhurumia.

Jioni wanawake waliyaingiza magodoro ndani. Abrafi ndiye aliyefungua zipu ya kwanza. Aliuvua mfuko wa godoro, akaugeuza, akauvalisha upya, jina la duka la mumewe likiwa limeangalia ndani.