Sabuni ya Bwana Holbeach

Jumatatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, mwaka 1634, mke wangu Thomasin aliitwa mwongo mbele ya mji mzima. Balaa letu lilianzia hapo, na walioleta balaa hilo walikuwa wamekalia viti vyenye mito.

Bwana Gervase Holbeach alikuwa amenunua kwa mfalme haki ya kuuza sabuni yeye peke yake. Bandarini kwetu alikuja akiwa mwanagenzi wa muuza mvinyo. Tajiri wake alipokufa, akamwoa mjane, akarithi merikebu, akapanda mpaka akawa meya. Mtu akishashiba mkate, huanza kulitamani tanuri. Siku hiyo aliwakusanya madobi ukumbini wafue kwa sabuni yake, ili waheshimiwa wa baraza waone ilivyoishinda ile ya wapika sabuni wetu wa zamani.

Thomasin akafua. Kitambaa kikatoka cheupe kama jibini changa.

"Haya mama, sema," Holbeach akamwambia. "Umewahi kuona sabuni kama hii?"

"Nguo imetakata, bwana. Lakini mikono inawaka moto." Akawanyoshea vidole vilivyobambuka.

"Mikono ya dobi hiyo! Ulitaka iwe ya malkia?"

Wakacheka mpaka mito ikatikisika. Kisha wakakata shauri: sabuni ni njema, mwanamke ni mwongo. Ya zamani ikapigwa marufuku. Thomasin akaendelea kufua kwa hiyo ya Holbeach; tungekula nini? Vidonda vikatunga usaha, usaha ukaleta homa. Kabla ya Krismasi nilimzika, mikono imefungwa matambara.

Mimi ni mpagazi wa mapipa, kusoma sijui. Ila kwetu, mwanamume akioa binti wa mwenyeji aliyeandikwa katika daftari la mji, hupata sauti ya kuchagua mbunge. Baba yake Thomasin, fundi mapipa, alikuwa mwenyeji. Basi sauti yangu niliipata kwake yeye, ambaye mwenyewe hakuruhusiwa kuitumia. Mfalme alikaa miaka mingi bila Bunge. Nikaitunza sauti ile kama mbegu.

Mwaka 1640 Bunge likaitwa, na Holbeach akasimama kugombea. Nikaenda uwanja wa kura na beseni la maji begani, nimekoroga humo sabuni yake.

"Humphrey Dabb," karani akaita, "unamchagua nani?"

"Atakayechovya mikono humu."

"Taja jina, mzee, usitupotezee wakati!"

"Sitoki hapa."

Foleni ikakwama nyuma yangu. Mchinjaji mmoja akapaza sauti, "Achovye basi, tukale!"

"Au anaogopa kuoga?" mwingine akadakia.

Kicheko kikamsukuma Holbeach, aliyesimama kando ya karani, mpaka mbele ya beseni. Akalitazama lile povu. Akashika ncha ya glavu, akakivuta kidole kimoja, kisha akakirudisha.

"Maji ni ya baridi," akasema.

Walinzi wakanishika kwapani, wakaniondoa.

Alishinda. Alikwenda London amevaa manyoya, na baadaye akarudi kukalia kiti chake barazani kama vile hakukutokea kitu. Kila nikikutana naye njiani namvulia kofia, maana adabu nilifunzwa. Kisha namuuliza, mbele ya yeyote wa baraza anayetembea naye:

"Kama Thomasin alisema uongo, bwana, mbona hukuvua glavu?"