Asubuhi Fundi Nathanaeli Alipopuliza

Kiwanda chetu cha kukamua alizeti kipo nje kidogo ya mji wa Singida. Kwa miaka kumi na tisa mashine kubwa iliwashwa na mtu mmoja, fundi Nathanaeli. Ndiye aliyenifundisha kazi, kuanzia kushona magunia. Alikuwa anasimama mlangoni, anasikiliza mngurumo, anasema, "Beringi ya kushoto imechoka." Tukifungua, tunaikuta imechoka kweli.

Mwezi wa tano mwenye kiwanda, bwana Moez, alinipeleka semina ya usalama kazini. Nilirudi na kipima ulevi na kanuni nilizoandika mwenyewe kwenye ukurasa mmoja. Kila mtu atapuliza kabla ya kuingia. Atakayekutwa na pombe hagusi mashine, lakini mara ya kwanza hafukuzwi, anapelekwa hospitali. Hiyo ya mwisho bwana Moez hakuipenda.

"Witness, mlevi kwenye mashine ataua mtu."

"Ukimfukuza wa kwanza, bosi, wa pili atajificha."

Akachukua kalamu, akasaini.

Jumatatu asubuhi wenzangu thelathini na mbili walisimama getini wamenuna. "Tumekuwa watoto wa shule," mmoja akalalamika. Hakuna aliyesogea. Ndipo fundi akapita katikati yao.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nianze mimi."

Moyo ukatulia. Fundi akipuliza, nani atakataa? Alipuliza pumzi ndefu. Nilitazama namba. Ilikuwa juu mno, na mtu mwenyewe amesimama wima, shati limepigwa pasi, macho makavu. Miaka yote hiyo hatukujua. Hakuna aliyeiona namba ile isipokuwa mimi, nikaifunika kwa kiganja.

"Soma kwa sauti," akasema.

"Fundi..."

"Soma, mwanangu. Usipoisoma yangu, utaisoma ya nani?"

Nikasoma. Hakuna aliyecheka. Nilisikia njiwa wakitembea juu ya bati.

Fundi alitoa ufunguo wa mashine mfukoni, akaniwekea mkononi. Kisha akamgeukia Gervas, ambaye miaka minne nyuma mkanda wa mashine ulimkata vidole viwili.

"Gervas, nilisema mashine ilijiwasha yenyewe. Si kweli. Niliiwasha mimi, mkono wako ukiwa ndani. Nilikuwa nimekunywa."

Gervas aliutazama mkono wake. Nilidhani atampiga. Akaja mbele yangu, akasema, "Lete." Akapuliza, ikasoma sifuri. Halafu akaenda kusimama kando ya fundi, bila kumgusa. Nyuma yao watu walianza kupanga mstari wenyewe.

Bwana Moez alikuwa amesikia yote kutoka mlango wa ofisi. Alikuja na ile karatasi mkononi, uso mwekundu, akaisoma tena kama hajawahi kuiona.

"Imeandikwa hospitali," akasema hatimaye. "Twende, fundi. Nitakupeleka mwenyewe."

Alilazwa siku sita. Daktari alitueleza kwamba mwili uliozoea pombe namna ile hauachishwi nyumbani kwa siku moja, ni hatari. Fundi alitetemeka, akatoka jasho mpaka shuka zikalowa. Siku ya nne Gervas alikwenda kumwona. Nilipomuuliza wamezungumza nini, alijibu, "Bado nina hasira naye. Lakini nilimpelekea uji."

Aliporudi, fundi alikaa miezi mitatu kwenye mizani, akipima alizeti za wakulima, huku mashine yake ikiendeshwa na watu aliowafundisha. Mwezi wa nane alianguka mara moja, akanywa tena. Alikuja getini akaniambia kabla sijampima, akarudi hospitali kwa miguu yake. Tangu hapo hajaonja, na Gervas ndiye humsindikiza kliniki.

Wiki iliyopita Filipo, mpakiaji wetu mpya, alifika mapema kuliko wote. Alisimama mbali nami kidogo, kofia mkononi.

"Dada Witness, jana kulikuwa na harusi. Leo nisiguse mashine."

Hakuna aliyemlazimisha. Nikampa sindano ya magunia, akaenda kukaa kivulini, akaanza kushona.