Makaa Uani kwa Fundi

Mama mzazi wa mke wa mwanangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima humwita Fundi. Kushona anajua, sina neno. Dini yake ndiyo iliyoninyima usingizi. Kwao mtoto wa kwanza hupitishwa juu ya makaa ya moto. Bibi yake anambeba, anakanyaga peku toka mwanzo hadi mwisho, eti mtoto asije akaogopa kitu maishani. Mjukuu wangu hakuwa hata na jino.

Nilipomuuliza mwanangu, aliangalia ukuta. "Mama, mke wangu naye alipitishwa. Mbona mzima?"

"Na walioungua nani atawataja?" nikamwambia.

Siku yenyewe nilifika dukani kwake asubuhi, kabla ya wenzake wa dini. Cherehani zilikuwa zimefunikwa shuka, vipande vya vitambaa vimefagiliwa pembeni. Nikapitiliza hadi uani. Fundi alikuwa amechuchumaa kando ya mfereji wa matofali, anasawazisha makaa kwa reki, taratibu kama anayepiga pasi. Utulivu ule sikuupenda.

Alipoingia ndani kumchukua mtoto, nilichota jagi zima la maji kwenye pipa, nikasogelea makaa.

"Ukimwaga hapo nitaungua," akasema nyuma yangu. Mtoto alikuwa amelala begani kwake. "Yakilowa yanaganda kwenye nyayo. Yakiwa makavu napita tu."

"Nani kakwambia?"

Akavua ndala, akainua mguu. Hapakuwa na kovu. Nikahisi amepaka dawa, nikapitisha kidole, nikakinusa. Kilinuka mguu.

"Umemaliza ukaguzi, mkwe wangu?" akacheka. "Sasa zamu yangu. Midomo imekukauka. Umefunga tena."

Nikajilamba midomo.

"Una kisukari. Daktari alikukataza, binti yangu akisikia. Juzi umeanguka jikoni, yeye ndiye aliyekuinua. Sisi hapa tunasema, yule mama dini yake itamzika, na mwanawe anatazama tu."

"Kufunga na kuchezea moto wapi na wapi? Mimi najua ninachofanya."

"Na mimi je?"

Nilidhani wao ndio wanaosemwa. Kumbe walikaa humu kati ya cherehani zao wakanijadili, kama mimi nilivyowajadili na wenzangu tukitoka kusali.

"Kunywa hayo maji, halafu ule," Fundi akasema. "Ukinywa, nitapita peke yangu. Mtoto atabaki."

Nikamtazama sana. Huenda alitaka akanitangaze kwamba amenifungulisha.

"Utawaambia watu wako?"

"Na wewe wako utawaambia kwamba nimeiacha mila yetu kwa kukuogopa?"

Dukani watu walishaanza kuingia. Nilisikia viatu vikivuliwa, na mtu akiuliza mtoto yuko wapi.

"Nipe mtoto kwanza," nikasema.

"Kunywa kwanza."

"Nikinywa ukanigeuka?"

"Nikikupa ukamwaga?"

Hatukuaminiana hata chembe, ikabidi tufanye kwa pamoja. Akamshusha mtoto kwenye mkono wangu wa kushoto bila kuachia shuka lake, nami kwa wa kulia nikapandisha jagi mdomoni. Kimoyomoyo nikamwomba Mungu aniwie radhi. Macho yangu kwake, yake kooni kwangu. Nikameza funda la kwanza, akalegeza vidole. Nikameza la pili, ndipo akaachia.