Nywele za Yule Asiyetajwa

Wateja wetu hapa Puteoli, bandari ya Warumi, hawajui kueleza wanachotaka. Wanatoa sarafu, wanagonga kidole kwenye shavu la mke au mama wa Kaisari aliyechorwa pale: "Nisuke hivi." Basi mimi Thallusa na mwenzangu Nebris tunasuka. Uso si kazi yetu.

Siku hiyo akaingia mama mmoja, viatu safi utadhani hajakanyaga mtaa wetu. Akasema anaitwa Vibidia, akakaa, akanitilia dinari kiganjani.

"Kama huyu."

Nikaitazama sura ya kwenye dinari. Alikuwa mke wa Kaisari, yule aliyefukuzwa akapelekwa kisiwani. Sanamu zake zimevunjwa, jina lake limekwanguliwa hata kwenye mawe ya sokoni. Ukimtukuza unashtakiwa, na aliyekushtaki anapata fungu katika mali yako.

"Huyu nani, bibi?" nikauliza, nikijitia bwege.

"Msusi ni wewe. Humjui?"

"Mimi najua nywele tu. Nyuso zinanichanganya."

"Basi suka hizo nywele."

Nebris akanivutia nyuma ya pazia. "Mpelelezi huyo! Ukimsuka, tumekwisha."

"Na nikikataa, nimekiri namjua."

"Kwangua hiyo sura."

Nikaigeuza sarafu. Upande wa pili yumo tena, ameshikana mkono na mumewe, Kaisari mwenyewe, huyo asiyeguswa. "Haya, shoga, chukua msumari. Utaanza na yupi?"

Nebris akanisukuma nitoke nje ya pazia.

Nikataka kumrudishia mama sarafu yake. Akaficha mikono ndani ya shuka.

"Si yangu. Imetoka mkononi mwako."

"Loo! Iliingia hapa kwa miguu yake?"

Ndipo nikaona jasho juu ya mdomo wake. Mpelelezi gani anatoka jasho? Au ndio ufundi wao?

"Nilipewa kwenye chenji," akanong'ona. "Nikasema nikulipe nayo, initoke. Ukishanisuka huwezi kunishtaki, maana na wewe umo."

"Na ungetembea mjini na kichwa hicho?"

"Nina ushungi."

"Unasema hivyo nikuonee huruma, niropoke."

"Na wewe umejitia bwege ili niropoke mimi!"

Tukatazamana kama paka wawili juu ya ukuta mmoja. Mwishowe nikataja chemchemi. Sarafu ikitupwa kwa mabinti wa maji, miungu wa pale, ni sadaka, na sijasikia mtu kashtakiwa kwa kutoa sadaka. Akakubali, ila twende wote, kila mmoja ameshika ukingo wake wa dinari. Tukapita mtaani hivyo, kama watu waliobeba chungu cha moto. Nebris akafuata nyuma, eti shahidi. Shahidi wa nani, hakusema.

"Kwa afya ya Kaisari!" Vibidia akapaza sauti pale chemchemini.

"Na miaka mingi!" nikapaza zaidi.

Tukaachia. Nikainama kuhakikisha imezama. Maji yale ni maangavu, na chini fedha zimelaliana. Mkono wa msusi hausahau kichwa, nami nikakiona kile kifundo cha nywele kisogoni mwa yule wa kisiwani, kisha kingine kwenye sarafu ya kando, na kingine chini ya majani, na vingine hadi ukingo wa pili. Nusu ya mji ilikuwa imeshatoa sadaka.

"Umeona nini?" Vibidia akauliza.

"Maji."

Naye akainama, akatazama, akajifunga ushungi.

"Kweli," akasema. "Maji tu."

Akashika njia ya bandarini. Sisi tukazunguka kwa nyuma ya soko, Nebris akigeuka kila hatua kuona kama tunafuatwa.